Bei ya Ukurasa Mmoja

Katika kampuni ya vitabu vya shule walimwita Bibi Nukta, kwa kuwa nukta ikikosekana haimpiti, na ikizidi inampandisha presha. Jina hilo alijifanya halijui. Alikuwa mjane wa mkaguzi wa shule, mwanamke aliyefika chuo wakati wenzake wengi waliishia jikoni, na kwa maoni yake watu wa namna hiyo hawapachikwi majina ya utani.

Kazi yake ilikuwa kusahihisha miswada kabla haijapelekwa kiwandani. Hakuwa mwajiriwa. Aliifanya nyumbani, kwenye meza ya chakula, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, akilipwa kwa ukurasa. Na bei ya ukurasa ilikuwa ile ile tangu mumewe alipozikwa. Umeme ulipanda, sukari ikapanda, hata kalamu nyekundu zikapanda, ukurasa ukabaki palepale kama jiwe la mpaka. Kila mwaka alitia saini bila kuuliza, akanywa chai yao nusu kikombe, akaaga.

Mwaka huu alijua nusu kikombe hakitamshuka. Kitinda mimba wake alikuwa chuoni, na pensheni ya marehemu ilikuwa imegeuka mzaha. Ama bei ipande, ama apangishe chumba cha mbele.

Chumba cha mbele ndimo marehemu mkaguzi alimokuwa akipokelea wageni. Kabati la vitabu lilikuwa bado limesimama ukutani, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, na walimu wakuu wenye vipara waliwahi kukaa humo wameshika magoti kama watoto wa darasa la kwanza. Leo aingie mtu baki na godoro lake, aanike soksi dirishani, wapita njia wasome habari zote za nyumba hiyo kwenye kamba ya nguo!

"Si useme tu?" dada yake mkubwa alimwambia, akimenya viazi. "Nenda kwa huyo shemeji yako, mwambie mambo magumu. Mficha uchi hazai, mdogo wangu."

"Mimi nimeshazaa watatu, dada. Yatosha."

"Haya, jibu maneno. Na njaa nayo uijibu hivyo hivyo."

"Siendi kulia njaa. Naenda kuzungumza bei."

"Kuna tofauti?"

"Ipo," alisema, akainuka kupiga pasi gauni la kijivu.

Huyo shemeji alikuwa mhariri mkuu, rafiki wa marehemu tangu ujana wao, na ndiye aliyemtafutia kazi. Alikuwa mtu wa tumbo na vicheko. Katika ofisi yake miswada ilirundikana mpaka kwenye kiti cha wageni, na pembeni, kwenye meza ndogo, aliketi katibu muhtasi, mtoto wa dada wa marehemu. Binti huyo alikuwa mpole, mwepesi wa vidole na mwepesi zaidi wa ulimi. Alilosikia asubuhi, ukoo mzima ulilala nalo.

"Shemeji! Unazidi kuwa kijana, sisi tunazeeka. Unakula nini?"

"Nakula makosa yenu, shemeji. Mnayaandika kwa wingi."

Mhariri alicheka mpaka miwani ikamteremka. Akausogeza mkataba. "Weka saini basi, tusikucheleweshe."

Yeye hakuigusa kalamu. Maneno alikuwa ameyapanga njiani, na aliyasema kama alivyoyapanga: kwamba miswada ya siku hizi inakuja mibovu, ukurasa uliokuwa wa robo saa sasa unakula saa nzima, kwamba hajawahi kuchelewesha kazi hata mara moja, kwamba bei ni ya zamani mno na angependa ipande kwa theluthi. Sauti haikumtetemeka. Katibu muhtasi aliacha kuchapa.

Mhariri alivua miwani. "Mbona hukusema mapema? Bei imepanda, shemeji. Tumewaongeza wasahihishaji wanne mwezi uliopita."

"Mimi sikuambiwa."

"Fungu lilikuwa dogo. Mkurugenzi akauliza, nani ana shida zaidi? Yule bwana mwenye watoto sita alikuja hapa akalia, machozi kabisa, mpaka nikampa leso yangu, na hajairudisha. Kwako wewe nikasema, huyu shemeji yangu hana neno. Anafanya kazi kupitisha muda, akili isilale. Si maneno yako hayo?"

Yalikuwa maneno yake. Aliyasema kwenye arusi ya binti wa huyu huyu mhariri, mbele ya mawifi waliokuwa wakimkagua viatu. Aliyasema msibani, akayasema mlangoni mwa benki. Kila alipoona jicho linampima, aliyatoa kama mtu anayetandika shuka safi juu ya godoro lililochanika.

"Lakini lile fungu bado limebaki kidogo," mhariri aliendelea, sasa kwa sauti ya chini, ya wema. "Nahitaji sababu ya kumpelekea mkurugenzi. Wewe sema tu, shemeji, mambo yamebana. Neno moja. Niandike hapa hapa, mambo yaishe."

Katibu muhtasi hakuinua macho, ila shingo yake ilikuwa imerefuka.

Bibi Nukta alimtazama binti yule, na ndani ya shingo ile akawaona mawifi wote wamejipanga. Mke wa mkaguzi anaomba! Nyumba ile imekwisha! Neno "shida" lilimfika mdomoni, akalisikia lilivyo dogo, silabi mbili tu.

"Kazi yangu na shida yangu ni vitu viwili," alisema. "Fundi akikushonea suti, unamlipa kwa suti, au unamuuliza kwanza kama kwake wamekula?"

"Shemeji, usikasirike."

"Sijakasirika. Ukurasa una bei, au hauna?"

"Una bei. Ila fedha ni ya wenye shida."

"Basi wape hao wenye shida. Mimi niko salama." Akachukua kalamu, akatia saini penye bei ile ile, mwandiko mzuri, wa mviringo, ulionyooka. Alikuwa na haki kwa kila alilolisema, na haki hiyo alitoka nayo mlangoni ikiwa mikono mitupu.

Mwezi haukuisha, chumba cha mbele kikapata mpangaji, muuguzi wa hospitali ya karibu, binti mtaratibu mwenye begi moja. Alilipa kodi ya miezi mitatu papo hapo. Bibi Nukta alizihesabu noti mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga, kisha akamketisha.

"Hapa kuna utaratibu. Nguo utaanika uani, si dirishani. Na mtaani ukiulizwa, wewe ni mtoto wa binamu ya marehemu mume wangu. Umekuja kukaa na mimi nisiwe mpweke."

Muuguzi alikodoa macho. "Na wewe nikuite nani, mama?"

"Shangazi."

"Haya, shangazi." Akasita. "Ila marehemu mwenyewe simjui. Watu wakiniuliza habari zake niseme nini?"

Bibi Nukta alinyoosha kitambaa cha kiti kilichokuwa kimenyooka tayari.

"Sema aliiacha familia yake pazuri."