Nguzo ya Kona, Ghorofa ya Kumi na Tano

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu nguzo nzima kwa kuipenda kupita kiasi. Nilikuwa nimetoka kijijini kwetu Mbulumbulu, ambako watu walinijua kwa kupiga plasta nyumba zao na kanisa letu, nikafika Dar es Salaam kwenye jengo la ghorofa tisa lenye mifupa ya chuma. Kazi yetu ilikuwa kuvisha chuma hicho kinga ya moto. Ni saruji iliyochanganywa na nyuzi laini za mawe. Inarushwa kwa pampu mpaka nguzo inaonekana kama imevaa sufu chafu. Manundu yale yalinitia aibu. Nikachukua mwiko, nikaisiliba na kuibonyeza mpaka ikawa laini kama ukuta wa sebuleni.

Mhandisi wa kinga alipopita, alichomeka sindano ya kupimia unene, akaitoa na kunionyesha. Ilikuwa nusu ya unene uliotakiwa.

"Dada Paskalina, umeipendezesha kweli," alisema. "Lakini hewa iliyomo humo ndiyo inayozuia joto. Ukiibonyeza, umeiua."

Foremani alitaka nirudishwe nyumbani siku ile ile. Mhandisi alikataa, akasema mtu anayeijali nguzo namna ile anafundishika. Kwa neno hilo nilimpenda kama baba yangu mdogo.

Vijana wanaosomea ujenzi wakinitembelea hapa nyumbani hudhani jengo refu huanguka kwa sababu moto umeyeyusha chuma. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka Mhandisi aliponitoa ujinga. Alisimamisha matofali mawili, akafunga kati yake kipande cha nondo nyembamba, akakitundikia ndoo ya mchanga na kuwasha moto chini yake. Nondo haikuyeyuka. Ililegea tu, ikabonyea katikati, na kadiri ilivyobonyea ikayavuta matofali ndani mpaka yakaanguka yote mawili.

Akanieleza polepole. Jengo likigongwa na kitu kizito, nguzo chache huvunjika na mzigo wake huhamia kwa jirani zake. Likiwa limejengwa vizuri, laweza kubaki limesimama. Lakini pigo lile lile huibandua kinga, chuma kikabaki uchi. Moto ukija, chuma hupoteza nguvu kabla hakijakaribia kuyeyuka. Sakafu hulegea, huvuta nguzo kwa ndani, nguzo hupinda, na ghorofa zote za juu hushuka kwa pamoja. Ghorofa ya chini yake haikujengwa kudaka uzito unaoanguka.

Nilifanya kazi Dodoma, kisha kwenye hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Pale ukungu ulichelewesha kinga kukauka kwa wiki nzima, na asubuhi moja tulikuta nyati amejikuna kwenye nguzo ya nje na kuondoka na kinga yetu mgongoni. Baadaye Mhandisi aliniita tena Dar es Salaam, safari hii niwe mkaguzi wa kinga kwenye jengo la ghorofa ishirini na mbili. Hapo ndipo tulipokosana.

Siku tatu kabla ya kukabidhi jengo, kreni iliyokuwa ikipandisha mashine iliyumba, ikagonga nguzo ya kona kwenye ghorofa ya kumi na tano. Chuma hakikupinda, ila kinga ilibanduka kuanzia kiunoni hadi juu. Pampu yetu ilikuwa imeshahamishwa. Meneja wa mradi aliagiza nguzo ifunikwe kwa ubao mwembamba wa jipsam jioni ile, bila kurudishiwa kinga, akamwambia Mhandisi kwamba akichelewesha, hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho. Naye Mhandisi alibakiza miezi mitano astaafu.

Akaniletea karatasi ya ukaguzi niweke saini. Nilimwambia siwezi.

"Mama Safari, ni nguzo moja," alisema bila kunitazama. "Jengo limesimama."

Nilikuwa na mwanangu Safari shuleni na nilijua anayekataa saini hukosa mkataba unaofuata. Lakini nilimkumbuka mama yangu na nguzo ya jiko letu, iliyokandikwa udongo kwa sababu ilikuwa karibu na mafiga.

"Ndama akiubandua ule udongo," nikamwambia, "mama hakuwasha moto mpaka awe ameurudishia. Hata tukilia njaa. Nguzo ilikuwa imesimama siku zote hizo, Mhandisi."

Alikaa juu ya ndoo. Kisha akavua koti, akauliza mifuko ya kinga imebaki mingapi. Tulichanganya wenyewe na kuibandika kwa mikono, kiganja baada ya kiganja. Nilipomwona anapapasa upande wake ili ulainike, nilimwambia, "Mhandisi, unaiua." Alicheka mpaka akafuta machozi. Meneja alimpa barua ya onyo, akastaafu nayo. Mimi mkataba sikupata tena kwenye kampuni ile, nikamalizia miaka yangu kwenye saiti ndogo za Arusha.

Sasa nimestaafu, ninaishi kwenye nyumba ya mama. Kazi niliyoifanya ni ya ajabu kidogo: ukiifanya vizuri, hufunikwa, na unaomba isihitajiwe kamwe. Kuna jioni nilijiuliza kama nilimharibia mzee wa watu mwisho wa kazi yake bure, na swali hilo liliniuma.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna maharage, ndama alikuwa ameubandua tena udongo wa nguzo ya jiko. Mikono yangu ilijaa udongo simu ilipolia, nikaibana kwa bega. Alikuwa Mhandisi, sauti imezeeka. Aliniambia ghorofa ya kumi na tano ya jengo letu lile iliungua zaidi ya saa nzima, na moto ulianzia kwenye chumba cha kona. Watu wote walishuka kwa miguu yao wenyewe. Wazimamoto walimruhusu apande kuangalia, akaibandua kinga yetu kwa kisu.

"Upande wako, joto halikufika; ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu bado iko kama siku tuliyoifunika," alisema. "Pale nilipopapasa mimi, imebabuka."

Tulicheka, kisha nikalia, naye akanisubiri nimalize. Tulipoagana nilirudi kwenye nguzo ya mama. Chai ilichelewa siku hiyo, maana moto sikuuwasha mpaka nilipomaliza.