Kipimo Kisichoona Pini

Shangazi ni fundi cherehani, na pini huzibana midomoni hata akiwa anaongea. Nimemkanya mpaka nimechoka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tumbo lilipozidi kumchoma, nilimburuta hospitali. Daktari alitaka kumpitishia kooni mpira wenye kamera. Shangazi akakataa katakata.

"Basi tutapima pumzi," daktari akasema. "Utakunywa dawa, usubiri kidogo, kisha upulize kwenye mfuko. Kama kuna bakteria tumboni, pumzi itatuonyesha."

Akapuliza, macho yamemtoka. Majibu yakaja: bakteria wapo, na dawa yao ipo. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Yeye akabaki kitini, ameshika tumbo.

"Daktari, hiyo pumzi inaonyesha na chuma?"

"Chuma gani, mama?"

Hapo ndipo alipofunguka. Kuna mteja alimchekesha akiwa anampima gauni, na pini moja haikuonekana tena, si sakafuni wala kwenye kitambaa. Mpira aliukataa kwa kuogopa kamera isije ikaiona. Na hakumwambia mtu, hasa mimi, kwa sababu ya huu mdomo wangu.

Nikaufungua huo mdomo. Hakikutoka kitu.

Daktari hakucheka. Alituandikia eksirei, tukakaa kwenye benchi kusubiri kuitwa. Mkono wa Shangazi ulikuwa wa baridi ndani ya wangu.

"Nigombeze basi," akaninong'oneza. "Ukinyamaza hivyo ndiyo naogopa zaidi."