Vidonge kwa Chai ya Maziwa

Mpaka nilipofikisha miaka arobaini na minne sikuwahi kumeza vidonge zaidi ya vya malaria na vya kichwa, na nilijisifu kwa hilo bila haya. Wanawake wenzangu pale sokoni Musoma, ninapouza vitenge, walikuwa na makopo ya vitamini kwenye mikoba yao, nami nikawa nawatania kwamba wamegeuka maduka ya dawa. Mtu aliyelelewa Butiama kwa ugali wa mtama, mgagani na maziwa, niliwaambia, hana cha kuongezewa na kiwanda.

Kisha nikaanza kuchoka uchovu nisioujua. Nikishusha jora moja la kitenge kutoka rafu ya juu ilibidi nikae kwanza, moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Siku zangu za mwezi nazo zilikuwa zimeacha adabu, zinakuja mapema na hazitaki kuondoka. Mume wangu akanipeleka hospitali karibu kwa nguvu, na daktari akakuta uvimbe kwenye kizazi. Ungeondolewa kwa upasuaji, alisema, lakini damu yangu ilikuwa saba, na yeye asingethubutu kunigusa kabla haijafika kumi.

"Kila mwezi unapoteza kuliko unachotengeneza, mama," aliniambia. "Tusikae sana."

Niliogopa kuliko alivyodhani. Dada yangu mkubwa alikufa kwa kutokwa na damu akijifungua, mimi nikiwa darasa la sita. Nyumbani kwetu neno upungufu wa damu halitamkwi kirahisi.

Daktari aliniandikia vidonge vya kuongeza damu, vile vyekundu vya madini ya chuma, nirudi baada ya mwezi mmoja. Mimi nikaona kidonge kimoja kwa siku ni masihara. Mwanakwaya mwenzangu anauza virutubisho, na aliposikia habari zangu akanipeleka Bunda, kwenye semina iliyofanyika katika ukumbi mmoja wa Nyasura. Mwalimu wa semina alivaa suti na alijua kuongea. Kulikuwa na kopo la wanawake waliovuka arobaini, kopo la mifupa, na kopo la kusafisha damu. Hilo la mwisho nililikataa. Damu yenyewe kidogo, tena niifue? Mengine mawili nikayabeba, nikarudi Musoma nikijiona nimeshapona nusu.

Kila asubuhi nilipanga vidonge vyangu mezani, vya daktari na vya semina, nikavimeza vyote kwa mkupuo na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa iliyoiva majani mpaka ikawa rangi ya udongo. Kwetu ndivyo tulivyofundishwa: dawa bila maziwa inachoma tumbo. Mama yangu alikuwa akitusimamia tulipokuwa watoto, kidonge kwa mkono mmoja na maziwa kwa mkono mwingine, na hakuondoka mpaka aone kikombe kikavu. Hata sasa, aliposikia naumwa, alinitumia dumu la mtindi kutoka Butiama kila wiki kwa gari la asubuhi. Mezani kwangu hakikukosekana kitu.

Mwezi ulipoisha nikaenda kupima. Saba ile ile. Daktari akaahirisha upasuaji.

Nina hasira za karibu, sifichi. Nilikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la dawa na kumwambia nesi aliyekuwepo, binti wa rika la mtoto wangu wa kwanza, kwamba vidonge vyao ni unga mtupu. Watu wa kwenye foleni wakasogea kusikiliza. Yule binti hakujibu kwa hasira. Alitoka nje, akanivuta kando kwenye benchi, akauliza:

"Shikamoo, mama. Unavimezeaga na nini?"

"Na chai, kwani watu wanamezea na nini?"

"Ya rangi au ya maziwa?"

"Ya maziwa. Mimi siyo masikini."

Akacheka, na mimi nikajikuta nacheka. Akaniuliza kama nina dawa nyingine, nikamtolea makopo yangu. Halafu akashusha sauti: "Na udongo unakulaga?"

Nikatazama ukutani. Kila mwanamke wa kwetu anaujua ule udongo wa kula unaouzwa sokoni pembeni ya karanga, na mimi wa kwangu ulikuwa chini ya kaunta, nimeufunika kitenge. Naye akaelewa.

Alinieleza taratibu, kama anayefundisha mtu anayemheshimu. Chai inakizuia kile chuma kisiingie mwilini. Maziwa nayo yanakizuia, na kopo langu la mifupa vilevile, na udongo ndiyo usiseme. Kumbe nilikuwa namwita mgeni na kumfungia mlango asubuhi hiyo hiyo. Nimeze kwa maji, tumbo likiwa tupu, au kwa juisi ya chungwa; chai na maziwa vije baada ya saa mbili. Kopo la wanawake nile na chakula cha mchana nikitaka, la mifupa lisubiri kwanza, na sahani yangu isikose dagaa na mboga za majani.

"Aliyekuuzia hajakudanganya," alisema. "Ila vitamini siyo mboga, kwamba ukichanganya ndiyo zinakolea."

Namshukuru yule binti mpaka leo. Angeweza kunirudishia maneno yangu mbele ya foleni nzima, na nilistahili.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi: kumwambia mama. Jumamosi nikaenda Butiama. Nilimkuta ndiyo kwanza ametoka kukamua, akanimiminia kikombe kabla sijakaa vizuri. Nikamweleza yote, nikichagua maneno. Nilitegemea abishe, maana kwake maziwa hayakosei. Hakubisha. Alikaa chini, kitambaa cha kuchujia kikiwa bado mkononi.

"Dada yako nilimpaga hivyo hivyo," akasema. "Vidonge vya kliniki na maziwa. Nilikuwa namsimamia mpaka amalize."

Nilijua swali linalofuata, nikaomba Mungu asiliulize.

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Hapana, mama," nikasema haraka. "Dada alitokwa na damu siku ile ile ya kujifungua. Kidonge kisingeizuia."

Sijui kama hiyo ilikuwa kweli yote. Nilimpa ile niliyokuwa nayo, na ningeisema tena. Alitikisa kichwa kidogo, akachukua kile kikombe kutoka mkononi mwangu na kukiweka mbali. Kisha akataka nirudie yale masaa ya vidonge na chai.

Tangu siku hiyo simu yangu ililia kila asubuhi kabla sijatoka kitandani. "Umemeza? Kwa maji?" Baada ya saa mbili inalia tena: "Haya, sasa kunywa chai." Mwanamke asiyevaa saa maisha yake yote hakukosea hata siku moja. Nikiwa na mteja nilipokea hivyo hivyo, na wenzangu wa sokoni wakawa wananiuliza kama mama ameruhusu ninywe soda. Udongo niliutupa, japo niliutamani kuliko nilivyowahi kutamani nyama.

Damu ikapanda. Tisa, kisha kumi na kidogo. Daktari akapanga tarehe, akataka ndugu watoe damu ya akiba. Nilimpigia mama kumpa habari tu. Kesho yake akatokea hospitali na kaka zangu wanne nyuma yake, wamevaa mashati ya kanisani. Yule mkubwa, anayeangusha madume ya ng'ombe kwa mikono yake, alipoona sindano akageuzia uso ukutani na kuanza kusali kwa sauti. Mama alisimama mlangoni mpaka wa mwisho akatolewa damu. Kisha akakunja mkono wa gauni lake. Wakamwambia umri wake hauruhusu, akabishana nao hadi mhudumu mmoja akamtolea kiti.

Nilipozinduka baada ya upasuaji, koo limekauka, uso wa kwanza kuuona ulikuwa wake. Nikamwambia arudi nyumbani akapumzike, kaka zangu wapo, na ng'ombe watakamuliwa na nani?

"Ng'ombe," alisema, kana kwamba nimemtaja adui. "Dada yako alipozidiwa nilimwambia jirani ampeleke hospitali, mimi nikabaki na ng'ombe. Nilijua atarudi. Hakuna aliyeniulizaga kwa nini sikwenda."

Miaka yote ile sikuwahi kujua. Nikautafuta mkono wake juu ya shuka, nikaushika, nikamwambia asiende popote.