Maneno Niliyomwongezea Bwana Afya

Siku ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ilikuwa Jumapili, nami nilikuwa nimevaa viatu vya kuazima. Weka hiyo simu pembeni kwanza. Siichukii simu yako, nami napenda sana kujua yaliyomo, na ujumbe ule wa chanjo uliotaka kuwatumia wenzako utanisomea tukimaliza. Ila kabla hujautuma, nisikilize.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Sisi watu wa Ntobeye tulizoea majirani wa ng'ambo ya mpaka kuja kwa harusi na kwa misiba, lakini safari ile walikuja na mbuzi, magodoro, sufuria, na wengine wamebeba milango ya nyumba zao kichwani. Niliwaangalia nikajiuliza, mtu anabeba mlango ili akaufunge wapi? Kambi zikasimama mahali ambapo wiki iliyotangulia palikuwa pori. Malori yakawa yanapita mpaka kuku wakaacha kuyakimbia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimaliza darasa la saba, na Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka kuliko cha msichana yeyote wa kitongoji chetu. Wazee wetu wengi walikuwa na Kiswahili cha sokoni, cha kununua na kuuza, ukianza kuwaeleza habari za vijidudu unawaacha njiani. Basi akija mgeni wa serikali, mwenyekiti wa kijiji alikuwa ananiita mimi, "Anastazia, njoo utuambie kwa Kihangaza anasema nini." Nami nilikuja mbio, siitwi mara mbili.

Halafu nilikuwa mdadisi, usiombe. Nilimuuliza padri anakula nini wakati wa kufunga. Nilimuuliza mwalimu nani alimfundisha mwalimu wa kwanza. Mama alikuwa akisema nitakuja kuolewa na mtu kiziwi, maana mwenye masikio hataniweza.

Sasa Jumamosi moja nilikwenda soko la kambini kuuza ndizi. Nikakaa karibu na mama mmoja mkimbizi jina lake Spesioza, muuza maharage, mcheshi kweli. Surua ilikuwa imeingia kambini na watoto walikuwa wanazikwa. Tukaongea hilo na lile, akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba sindano wanayopigwa watoto ya surua inawafunga kizazi wasichana. Nikashtuka. Nikataka kujua zaidi, lakini wateja wakaja, yeye akapima maharage, mimi nikauza ndizi, nikarudi nyumbani na neno lile likinisumbua.

Kesho yake ndiyo Jumapili yenyewe. Baada ya ibada pale kigangoni kwetu, watu wakaambiwa wasiondoke. Bwana afya alikuwa amekuja kutoka Ngara mjini, kijana mpole, mtu wa Tanga, Kihangaza hajui hata salamu. Mwenyekiti akasimama upande wake wa kulia, mimi kushoto. Akasema, nami nikawa nafasiri: surua imefika, inaua na inapofusha, Jumatano leteni watoto wote shuleni wachanjwe, ni bure. Watu kimya, wananitazama mimi wala si yeye.

Nitakuambia ukweli, kimya kile kilikuwa kitamu. Umati mzima, na wazee wenye mvi, wananisubiri mimi nifumbue mdomo. Bwana afya alipomaliza, mimi sikumaliza. Nikaongeza kwa Kihangaza, kwa sauti ileile niliyokuwa nafasiria, "Na inasemekana sindano hii inawafunga kizazi wasichana."

Maneno hayo tu. Nilitaka kuona watasemaje, nadhani. Akina mama wakaguna. Bwana afya akatabasamu akidhani wanamwitikia. Mwenyekiti alisikia vizuri kabisa, Kihangaza ni lugha ya mama yake, lakini alikohoa tu, akatazama viatu vyake, akafunga mkutano. Watu wakatoka pale wakiambiana kwamba serikali yenyewe imesema, na mwenyekiti hakukanusha.

Unaona nilichofanya? Aliyejua jibu alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu. Mimi niliyekuwa nauliza kila kitu, swali moja la maana nilimnyima mwenyewe, nikawapa watu wasiojua.

Jumatano bwana afya alikaa shuleni na masanduku yake ya dawa mpaka jua likageuka. Walikuja watoto wachache, karibu wote wavulana. Jioni pale penye pombe watu wakamsifu mwenyekiti kwamba ni mwenzetu, hakuturuhusu tuchezewe. Wengine wakasema surua ni ya kambini, sisi wenyeji haitugusi. Nami nilipita pale nikasikia, na sitakuficha, nilijiona mtu mkubwa.

Dada yangu Yustina alikuwa ameolewa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa na binti wa miaka mitatu, Devota, mtoto mnene wa mashavu, aliyekuwa akinifuata mpaka kisimani. Devota naye alikuwa na mdogo wake, bado ananyonya. Yustina hakuwapeleka. Kwa nini awapeleke, wakati mdogo wake mwenyewe ndiye aliyetangaza?

Wiki tatu hazikuisha, Devota akashikwa na homa. Kikohozi, macho mekundu, kisha vipele. Mume wa dada alikuwa kwenye kazi ya kupakia malori. Nikamwambia Yustina twende zahanati, akanitazama kama nimerukwa na akili. "Huko si ndiko kuna sindano?" Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Macho ya mtoto yakafungana kwa usaha. Kila nikiingia akitambua mguu wangu alikuwa anaita, "Mama mdogo, fungua dirisha." Dirisha lilikuwa wazi, mwanangu.

Siku ya nne akaja katekista wetu, Mzee Leonidas. Ndiye aliyenifundisha ekaristi, mtu mrefu, mkavu, asiyependa kelele. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaenda kumwona mtoto. Alipotoka akaniita nje, akakaa juu ya kinu kilicholala.

"Anastazia, wewe umemwona msichana aliyefungwa kizazi na sindano?"

"Hapana, mzee."

"Aliyekuambia, alimwona?"

Sikujua. Sikumuuliza.

"Mimi umewahi kuniuliza kama malaika wanaota kucha," akasema. "Hili ukashindwa?"

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Akasema kwamba yeye pia Jumapili ile alisikia, akaogopa kumwaibisha mwenyekiti mbele ya mgeni, akainama kukusanya vitabu vyake vya nyimbo. "Kwa hiyo tumekosa watatu. Lakini wewe ulisema neno lako kwa mdomo wa serikali. Sasa utakwenda kulirudisha kwa mdomo wako mwenyewe. Kwanza mtoto."

Ni yeye aliyemwambia Yustina, na Yustina akamkubalia. Tukampakia Devota kwenye baiskeli ya katekista, mimi nikimshika kwa nyuma. Zahanati wakampa dawa na matone, wakatuambia tumechelewa kwa macho, ila roho yake wataipigania.

Sikulala. Kilichonikera zaidi, na hapo utanijua nilivyo, ni kwamba bado nilitaka kujua. Nikarudi soko la kambini nikamtafuta Spesioza. Nikamuuliza, "Yule msichana uliyesema kafungwa kizazi, ni nani?" Akafikiri. Akasema alisikia kwenye foleni ya maji. Kwa nani? Kwa mtu aliyekuwa mbele yake, hamjui jina.

"Na wanao?" nikamuuliza.

"Wangu nimewachanja wote," akasema. "Nimeshazika mmoja njiani. Ningefanya mchezo?"

Nikamuuliza sasa kwa nini aliniambia. Akanitazama kwa huruma kabisa. "Tulikuwa tunaongea tu, dada. Sikujua utakwenda kuyafanyia kazi." Mwenye neno hakuliamini hata yeye, nami nilikuwa nimelipeleka kigangoni.

Kwetu, mtu akitaka kurudisha neno baya alilosema, haendi mikono mitupu. Anabeba pombe ya ndizi, anaionja yeye kwanza mbele ya wenye nyumba, ndipo wanaipokea na kumsikiliza. Baba akakamua ndizi bila kunisemesha. Ilipoiva nikabeba kibuyu, Mzee Leonidas akatangulia, tukazunguka nyumba baada ya nyumba. Kila mlango nilionja, nikasema, "Lile neno la kizazi lilikuwa langu. Bwana afya hakulisema. Sikuona, sikuuliza, niliongeza."

Nilitegemea wanitukane. Hawakunitukana. Walikunywa, wakanishika mkono, wakaniambia, "Tumekusamehe, binti, umekua." Kisha mama mmoja akanisindikiza mpaka kwenye migomba, akanong'ona, "Pole. Tunajua wamekutisha. Wangu siwapeleki." Nyumba ya pili hivyohivyo. Ya tano hivyohivyo. Msamaha nilipata kila mahali, na hakuna aliyeniamini. Niliposema uongo hawakunidai ushahidi, niliposema kweli wakadhani nimelazimishwa. Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii na bado linanishangaza.

Devota alipona. Alirudi nyumbani mwembamba, anacheka, na macho yote mawili yamefunikwa na ukungu mweupe. Yustina alipika, akalisha watu waliokuja kumwona. Wageni walipoondoka akaniambia, "Jumapili bwana afya anarudi. Utafasiri."

Nikasema sitaweza, hawaniamini.

"Hawatakuamini wewe," akasema. "Nenda ufasiri."

Jumapili ile watu walijaa. Bwana afya alikuwa amekuja na masanduku yake ya dawa, akasema yale yale. Mimi safari hii sikungoja mwisho. Nikamgeukia, nikamuuliza kwa Kiswahili mbele ya wote, "Bwana, kuna watu wanasema sindano hii inafunga kizazi. Wa kwanza kusema hapa ni mimi. Ni kweli?" Kisha nikalirudia swali kwa Kihangaza, ili kila mtu ajue nimeuliza nini. Mwenyekiti akanikanyaga mguu, nikaacha akanyage.

Bwana afya hakukasirika. Alisema mama yake kule Tanga ni nesi, na dada zake watatu waliipata sindano hiyo utotoni. Mkubwa ana watoto wanne, wa kati ana mapacha, wa mwisho ni mjamzito na anamsumbua kaka yake kwa barua za kuomba pesa. Watu wakacheka. Jibu zima halikuchukua muda wa kusali Salamu Maria moja. Lingeweza kutoka Jumapili ile ya kwanza.

Lakini bado hawakusogea. Ndipo Yustina akatoka kwenye mstari wa akina mama, akamleta Devota mbele, akamvua kitambaa alichomfunika usoni. Hakuhutubia. Akasema tu, "Nilimwamini mdogo wangu." Akamkabidhi Devota mikononi mwangu, akamfungua mdogo wake Devota mgongoni, akamshika mkono, akaunyoosha kwa bwana afya. Mtoto akalia. Mama wa kwanza akatoka, halafu wa pili, na mwishowe ikabidi Mzee Leonidas awapange foleni. Mimi nilikuwa nimesimama na Devota, ananiuliza, "Mama mdogo, wanalia nini?"

Mwenyekiti? Aliendelea na uenyekiti wake. Miaka mingi baadaye, yeye akiwa mzee kabisa, nilimuuliza ilikuwaje siku ile akakohoa. Akanijibu bila aibu, "Nilidhani wewe uliyesoma ndiye unayejua." Fikiria basi. Mimi nilidhani akinyamaza yeye ni kweli, yeye alidhani nikisema mimi ni kweli, na wananchi wakatuamini wote wawili.

Basi mwanangu, sikukatazi udadisi. Mimi nimezeeka nao na sijutii. Ila neno likikukuna, mpelekee anayejua kabla hujawapelekea wanaokuamini. Muulize aliyekuletea: uliona, au ulisikia? Kama alisikia, alisikia kwa nani, na yeye mwenyewe wanawe amewafanyia nini? Ukipewa siku moja kusema kwa niaba ya wengine, sema walichosema, na lako litenge, uliseme kwa jina lako. Na ukiwa kiongozi, hata wa nyumba kumi tu, ukikohoa wakati uongo unapita mbele yako, watu watahesabu kuwa umekubali. Ukikosea, rudi upesi, kwa sababu kulirudisha neno ni kazi ya miguu, na wengine hutawafikia.

Devota sasa ni mtu mzima, ana watoto, anasuka mikeka mizuri kuliko wenye macho. Yustina alipofariki, yeye akahamia kwangu. Kila asubuhi tunakaa hapa kibarazani ananiuliza kuna nini nje. Nami namwambia. Mahindi yameota nusu, nasema nusu. Ukungu uko mpaka kwenye kahawa, nasema mpaka kwenye kahawa. Siku nyingine hakuna kitu kabisa, barabara tupu, na ningependa sana kumtilia chumvi kidogo ili acheke. Simtilii. Hana namna ya kuhakikisha, ndiyo sababu.

Mungu akujalie masikio yasiyochoka na ulimi usio na haraka, mwanangu. Akupe ujasiri wa kuuliza mbele za watu, na wanao waione njia wanayoikanyaga. Haya, nipe hiyo simu karibu. Nisomee taratibu, na uanze na jina la aliyeandika.