Kuku Mweupe wa Baba

Pilau aliikataa. Uji aliukataa. Supu ya samaki niliyemfuata mwenyewe mpaka pwani ya Yiti aliikataa kabla sijaifikisha kitandani, kwa sababu aliinusa tokea mlangoni. Dawa za saratani zilikuwa zimemgeuza Baba pua: harufu ya bizari, ya mchuzi, hata ya hiliki katika chai, ilimfanya ageukie ukutani. Daktari alinambia waziwazi kwamba asipokula, Jumapili atatiwa mpira wa kulishia puani. Baba akasema mpira huo hautaingia na roho yake imo. Namjua baba yangu. Hakuwa akifanya mzaha.

Akili zilikuwa zimeniishia. Nilimbembeleza, nikamkasirikia, nikatoka nje kulia kwenye gari, nikarudi kubembeleza tena. Alhamisi, macho ameyafumba, akasema: "Nnataka kuku mweupe."

Nikajua anachokitaka. Ujanani kazi yake ya bandarini ilimpeleka Singapuri kusoma, na muda wote aliokaa kule aliishi kwa sahani moja tu, wali na kuku wa Kihainani, akinunua kwa Muislamu mmoja aliyekuwa akiuza chini ya jengo alilopanga. Tumekua na hadithi hiyo, na tukimcheka sana. Nani mwenye akili zake huacha biriani akatamani kuku wa kuchemsha?

Ijumaa nikapika mimi, mcheka wa jana. Nilifunga mlango wa jikoni, nikafungua madirisha yote. Kuku huyu hapikwi kama tunavyopika sisi. Sisi kuku tunamwosha kwa ndimu na siki, kisha tunamkomesha kwa moto mpaka nyama iachane na mfupa. Huyu unamtia mzima katika maji ya moto yenye tangawizi, maji yasitokote, halafu unazima jiko na kumwacha aive kwa joto lililobaki. Ukimtoa unamtumbukiza katika maji ya barafu. Ngozi inakaza na kung'aa, nyama inakuwa laini, na penye mfupa panabaki wekundu kidogo. Ndivyo atakiwavyo. Mchele unaukaanga kwanza kwa mafuta yake huyo huyo kuku na kitunguu thomu, kisha unaupika kwa maji yaliyomchemsha. Mimi niliupika katika sufuria ya umeme, nikaufunika, nikamwacha kuku kwenye sinia na kwenda kumwogesha Baba. Nilikuwa karibu kuimba.

Baada ya sala ya Ijumaa shangazi yangu, mdogo wake Baba, akaja kutoka Matrah kumtazama mgonjwa. Kwetu mwanamke akija kutazama mgonjwa hakai sebuleni akangoja kuandaliwa chai. Anaingia jikoni. Shangazi akaingia jikoni.

Nilikuwa nikimfunga Baba shuka safi pale harufu ya bizari ilipotufikia. Alinitazama tu, na macho yale sijayasahau. Nikatoka mbio.

"Kuku hajaiva huyu, mwanangu!" Shangazi alikuwa akikoroga, mikono ya buibui ameikunja. "Nnakata paja, damu hiyo mfupani! Utampaje kaka yangu nyama mbichi na hali yake hii? Alhamdulillahi nimewahi."

Kuku wangu alikuwa vipande vipande ndani ya mchuzi mwekundu wa nyanya na bizari.

"Shangazi, umeniulia baba."

Nilipiga ukelele. Sijapata kumpandishia sauti mtu mzima, na siku hiyo nilipandisha mpaka majirani wa Darsait wakasikia. Shangazi akakaa kitako juu ya kigoda, upawa mkononi, akalia kama mtoto. "Nimebakiwa na huyu tu," akawa anasema. "Ndugu zangu wote wameshatangulia, nimebakiwa na huyu tu." Nilipaswa kumkumbatia, lakini sikuweza. Kuku wamejaa madukani. Nguvu ya kuanza upya ndiyo sikuwa nayo.

Baba akaita. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mwambie alete alichokipika."

Shangazi akafuta uso, akapakua, akamlisha kwa mkono wake. Akala. Jasho lilimtoka kipajini, koo likimgomea, na bado akameza. "Kimekolea," akamwambia. Mimi nilisimama mlangoni na wivu ulinishika hasa. Wiki nzima namwomba mimi, binti yake, tonge moja tu, na amekataa!

Shangazi akaondoka baada ya Alasiri, uso umekunjuka. "Umeona?" akanambia. "Alikuwa anataka chakula cha watu."

Gari lake halijapinda kona, Baba akanionyesha beseni. Yote yakatoka. Nikamshika paji la uso kwa mkono mmoja, na huku mimi mwenyewe nikilia wala sijifichi tena.

"Usimwambie," akasema alipopata pumzi. Nikatikisa kichwa kumkubalia. Akafuta mdomo. "Na wali?"

Wali! Shangazi hajui wali kukaa pengine isipokuwa katika sufuria yenye makaa juu ya kifuniko, na ile ya umeme hakuigusa. Nikaufunua, bado una moto. Nikachota kidogo kwenye kisahani, bila kuku, bila chochote, nikamtia punje chache ulimini.

Akatafuna muda mrefu.

"Siyo wenyewe," akasema.

Kisha akafungua tena kinywa.