Gari Lililomrithi Marehemu

Mume wa mama mwenye nyumba wangu alikuwa mtu mkali. Aliwafokea wavuvi wake, aliwafokea wapwa zake, na nasikia hata samaki aliwafokea wakichelewa kuingia wavuni. Mimi sikukaa naye sana. Nilivuka ziwa kutoka Kilwa ya Kongo vita vilipoanza tena upande wetu, nikapanga chumba kwao Kashikishi, upande wa Zambia, na kabla sijaizoea sauti yake akaugua, akafa. Nikabaki na mjane wake. Nilimwita mama, naye akaniita mwanangu, na tukawa na biashara yetu: mimi nanunua chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa Mweru, yeye ana pikapu ya kuwafikisha sokoni Mansa.

Shida ilikuwa jina la marehemu. Kwa watu wa ziwani pale, mtu akifa lazima apatikane ndugu wa kumrithi. Ndugu huyo anakalishwa mkekani mbele ya watu, anapewa kitu cha marehemu, na tangu siku hiyo anasalimiwa kama marehemu mwenyewe. Wanasema amepyana. Bila hivyo marehemu hana pa kukaa, na mjane naye hana raha. Mama akawaita wapwa wa mumewe waliokuwa kwenye migodi ya Copperbelt. Mmoja akajibu kwamba mgongo unamuuma. Mwingine akasema amehamia kanisa lisilotaka mambo hayo. Wa tatu hakujibu kabisa. Ukweli ni kwamba hakuna aliyetaka kuitwa kwa jina la mtu yule, maana waliogopa lingewaambukiza.

Mama akakasirika. Akasema mumewe hatabaki amesimama nje wakati yeye yupo. Na asubuhi moja, tukimenya mihogo, akaniambia amempata mrithi.

"Nani?" nikauliza.

"Motokari," akasema.

Nilicheka mpaka kisu kikaniponyoka. Yeye hakucheka. Akanieleza taratibu, kama mtu aliyelifikiria jambo kwa muda mrefu. Pikapu ile ilinunuliwa kwa samaki wa mtumbwi wa mumewe. Mumewe alinywea chai ndani yake. Aliisemesha vizuri kuliko alivyomsemesha mtu yeyote. Ilikuwa kali asubuhi, haikutaka kuwaka, na ikishawaka ilipiga kelele njia nzima. Basi kama si hiyo, ni nani mwingine? Nikaokota kisu, nikaendelea kumenya.

Wazee wa kanisa walikataa kuja. Majirani walikuja, kwa sababu mama alipika munkoyo mwingi, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, na munkoyo wake ulikuwa unasifika. Mkeka ukatandikwa chini ya bampa. Mkanda wa marehemu ukawekwa juu ya boneti. Kisha mama akaleta ubao wa mbele wa ule mtumbwi wa mumewe; mtumbwi wenyewe ulikuwa umeoza na kubomolewa, na ubao huo ndio pekee uliobaki mzima. Ulikuwa umeandikwa NATOTELA, yaani nashukuru, neno ambalo marehemu hakulitamka hata siku moja, na pembeni namba 19 waliyopewa na watu wa uvuvi. Mchoraji wa mitumbwi alikuwa ameurudishia rangi na kuongeza madoido yake: macho mawili, samaki wa aina ya pale mwenye magamba ya bluu, na maua kila kona. Dereva wetu, mtu asiyependa maneno, akaupigilia misumari mbele ya gari. Ubao ukakifunika kibao cha namba cha serikali karibu chote, na hakuna aliyeona ubaya. Jina linakaa mbele. Mtumbwi unakaaje bila jina mbele?

Tangu hapo safari zetu zikawa maajabu. Kabla ya kuondoka, mama alisimama mbele ya taa za gari na kulieleza tunakokwenda. Dereva akikanyaga dimbwi, mama alimkemea kwamba anamrushia mume wake tope. Watu waliotujua walisimama kando ya barabara, wakapinda magoti kidogo, wakapiga makofi ya heshima kulielekea bampa. Mimi nilikaa dirishani na kuona haya. Kisha nikazoea, na nakumbuka siku moja gari lilipokataa kuwaka nilijikuta nalibembeleza kama baba, "Tata, tafazali."

Halafu tukasimamishwa kwenye kizuizi cha polisi, mbele kidogo ya Mwansabombwe.

Askari alikuwa kijana wa ziwani, mwenye Kiswahili chake alichookota kwetu sisi wafanyabiashara wa kutoka Kongo. Alilizunguka gari, akafika mbele, akasoma kwa sauti. Mama akashuka. Akamwomba aseme Kiswahili, siyo Kibemba, ili mimi niwe shahidi. Nikanung'unika kimoyomoyo, kwani mimi nilichotaka ni kufika Mansa kabla soko halijatawanyika.

"Bamayo, hii namba ni ya bwato," askari akasema. Bamayo ni mama, na bwato ni mtumbwi.

"Ni ya bwana yangu."

"Na bwana yako eko wapi?"

"Umesimama mbele yake."

Askari akarudi nyuma hatua moja. Akautazama ubao, akautazama mkanda wa marehemu, ambao sasa ulifungwa kwenye kioo cha pembeni, na nikaona ameelewa, maana mtoto wa pale haelezwi mara mbili. Akavua kofia. Akapinda magoti na kupiga makofi kidogo. "Mwapoleni mukwai," akalisalimu gari. Kisha akakumbuka sare aliyovaa, akairudisha kofia kichwani haraka na kukohoa.

"Lakini sheria iko," akasema. "Plake ni ya serikali. Iko na rangi yake, na maandiko iko na kipimo yake. Haina maua. Haina samaki. Haina macho."

"Bila macho ataona njia namna gani?" mama akauliza, na hakuwa anatania.

Nikaingilia. "Mutoto ya mama, na kama samaki iko mudogo?"

"Hata chisense moja, hapana."

Siku hizi naambiwa kwamba mtu mwenye nacho akienda Lusaka anaweza kulipia namba yenye jina lake mwenyewe, na serikali ikamtengenezea kwa mikono yake. Habari hiyo niliposimuliwa niliumia moyoni kwa ajili ya mama. Lakini wakati ule jina lilikuwa la mtu, na namba ilikuwa ya serikali, na vitu hivyo viwili havikuruhusiwa kukaa ubao mmoja.

Askari akaenda kumwita mkubwa wake, aliyekuwa kibandani anakula muhogo wa kuchoma. Mkubwa akaja akitafuna. Alikuwa mtu mpole, tena msikivu, na ndiyo maana mambo yalizidi kuharibika. Akataka kuelewa kila kitu. Gari lina namba yake? Dereva akainama, akaonyesha kipande cha chuma kilichochungulia nyuma ya ubao. Yule kijana sasa akawa wakili wetu. Akamwambia mkubwa wake kwamba mtu akipyana anabaki na jina lake la kuzaliwa pia, watu wanaita lolote kati ya hayo mawili, basi kwa nini gari lisiwe hivyo? Wakajadiliana pale katikati ya barabara. Lori moja likasubiri. Wasafiri wa lori wakashuka, wakaanza kutoa maoni. Mmoja akauliza kama gari likimrithi mtu linapaswa pia kumwoa mjane, na mama akamtukana kwa Kibemba, tusi ambalo sikulijua lakini wengine wote walilijua.

Mwishowe mkubwa akamgeukia mama. Nadhani alitaka kumfariji. Alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtu jambo zuri.

"Mama, sikiliza. Namba haipyanwe. Bwato ikikufa, namba yake tunaifuta. Motokari ikikufa, ile pia tunaifuta. Haiwezi kuruka kwenye ingine. Ikikufa, ni mwisho."

Mama akaweka kiganja juu ya ubao. 

"Munaifuta?" akauliza.

"Tunaifuta."

"Yote?"

"Yote, mama."

Akakaa chini, palepale kwenye lami, miguu imenyooka mbele, akalia. Siku ya msiba hakulia. Alikuwa akigombana na wapwa juu ya nani atakayekaa mkekani, na tangu siku hiyo hakuwa ameacha kugombana. Sasa alilia kwa sauti, akimwita mumewe kwa jina lile ambalo hakuna aliyelitaka. Watu wa lori wakaacha kucheka. Mkubwa akabaki ameshika muhogo wake, hajui aupeleke wapi. Mimi nililisahau soko. Nilikaa chini kando yake.

Yule askari kijana hakumruhusu dereva aguse ubao. Akaing'oa misumari mwenyewe, mmoja mmoja. Akapiga magoti, akamkabidhi mama ubao kwa mikono miwili. Kibao cha serikali kikaonekana, kisafi kabisa, herufi na tarakimu tu. Tukaruhusiwa kupita.

Mama aliupakata ubao njia nzima. Tulipokuwa tumeipita Mwense, akasema kwa Kibemba, akiangalia nje, "Nomba e lyo afwa." Sasa ndipo amekufa.

Nikamwambia, "Pole, mama." Akaniegemea, akasema, "Asante, mwanangu," na hakumwambia dereva kitu chochote juu ya madimbwi mpaka tukafika.