Susu na Mlango wa Bluu

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sipendi kukatizwa. Haya niliyaona kwa macho yangu mjini Kitui, miaka ya themanini, saa kumi jioni, jua likiwaka. Mimi ni mtu wa kanisa na ladha ya pombe siijui.

Kazi yangu ni kushonea viondo mikanda ya ngozi. Akina mama wanasuka vikapu hivyo, mimi namalizia. Mzee mmoja alinifundisha kwenye baraza la duka lenye mlango wa bluu, katika ule mtaa wa zamani wa maduka ya mabati. Mzee akafa. Kisha mtaa ukaanza kubomolewa ili maghorofa yajengwe, na duka letu likaenda lote, ngazi, baraza na mlango. Nikahamia ng'ambo ya barabara, chini ya turubai. Wiki hiyo nilikuwa nafunga mizigo. Mke wangu alikuwa amepata chumba Nairobi, na lori lilikuwa tayari.

Basi akaja bibi mmoja mfupi, shuka begani.

"Mwanangu, mlango wa bluu uko wapi? Niliacha kiondo kwa fundi."

Mbele yetu kulikuwa na kifusi tu. Nami, na mdomo wangu huu, nikamtania: "Susu, mlango ni hiyo pale. Ingia tu." Kwetu susu ni nyanya, na nyanya na mjukuu hutaniana. Lakini huyu hakuwa nyanya yangu.

Akanishukuru, akavuka. Pale ngazi ilipokuwa, akainua mguu, akapanda. Niamini, alipanda, na hakushuka. Alitembea hewani, kimo cha goti kutoka ardhini, akainamisha kichwa kwa sababu mlango ule ulikuwa mfupi, halafu sikumwona tena.

Wewe ungekimbia? Niliogopa, sikatai, lakini hamu ya kujua ilinizidi. Nikavuka, nikapapasa pale kwa mikono yote miwili. Hewa tupu. Mara akashuka kando yangu, ameshika kiondo cha katani kisicho na mikanda.

"Ndani kuna nani?" nikamuuliza.

"Wako wote. Wanauliza hii kelele yote ni ya nini." Akanikabidhi kiondo. "Fundi amesema umalizie wewe. Nitakuja siku ya soko. Utanionyesha mlango tena, macho yangu imechoka."

Nilikimaliza siku ileile. Lori liliondoka na mke wangu, mimi nikabaki kumngoja bibi. Alinisubiri mwaka mzima, kisha akaacha kuuliza, na hilo linaniuma mpaka leo. Sasa pale kuna ghorofa, chini duka la dawa, juu chuo cha kupiga taipu. Kila siku ya soko nakitundika kile kiondo hapa nje. Hajaja bado. Lakini nikiondoka, nani mwingine anajua ngazi ilikuwa wapi?

Kwa hivyo mzee akikuuliza njia ya mahali palipobomolewa, usimtanie. Mwambie hapapo tena, uende zako nyumbani kwa mkeo.